Picha Ukutani, Faili Kabatini: Mwongozo Kamili wa Kuwekeza Kwenye Sanaa ya Kisasa ya Afrika Mashariki

Novemba 2019, kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York, ilipandishwa picha ya Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Aliichora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kile kitambaa cha Uganda kinachotengenezwa kwa kugongagonga gome la mti wa mutuba. Wapiga mnada walikadiria ingeuzwa dola 50,000 hadi 70,000. Iliuzwa kwa takriban dola milioni 1.5.

Habari za namna hii zikishazagaa, simu huanza kuita. "Kaka, na mimi nina akiba kidogo. Ninunue picha gani?" Swali hilo nimeulizwa na binamu, na jirani, hata na fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Jibu langu halijabadilika: kabla hujaniuliza picha gani, niambie faili lake utaliweka wapi. Wengi hudhani ni mzaha. Ukifika hatua ya tano utaona si mzaha.

Kwanza, picha inakaa wapi kwenye mali yako

Picha hailipi riba wala haitoi kodi ya pango. Hata mbuzi anakushinda, maana mbuzi angalau huzaa. Kwa hiyo sanaa hukaa mwisho wa foleni: nyuma ya ada za watoto, bima ya afya, hisa zako za SACCO, hati fungani au mfuko wa pamoja, na kiwanja kama unacho. Mimi sivuki asilimia 5 ya akiba yangu, na pesa ninayoitoa nahesabu kwamba sitaiona tena kwa miaka kumi. Kama unaweka kando pesa ya harusi ya mwakani, mwongozo huu haukuhusu.

Kuna faida moja ambayo hati fungani haina, nayo ni kwamba picha unaiona kila asubuhi. Usiidharau faida hiyo. Kwa wanunuzi wengi ndiyo pekee watakayoipata.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla macho hayajapenda

Tuchukulie umenunua picha Nairobi kwa shilingi 150,000 za Kenya. Fremu na usafiri vimekula 12,000, kwa hiyo umetoa 162,000. Miaka minane baadaye bei imekuwa maradufu, na picha inanunuliwa mnadani kwa 300,000. Unashangilia. Sasa toa kamisheni ya muuzaji, tuseme asilimia 15, ambayo ni 45,000. Toa na haki ya msanii: sheria ya hakimiliki ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kupitia mnada au wakala, yaani 15,000 nyingine. Toa 8,000 za kupiga picha za katalogi na kusafirisha. Mkononi unabaki na 232,000.

Faida ni 70,000 kwa miaka minane. Ukihesabu kwa riba inayorudishwa ndani, inakuwa kama asilimia 4.6 kwa mwaka. Hizo 162,000 zingekaa kwenye hati fungani ya asilimia 12, nawe ukawa unairudisha riba ndani, zingefika karibu 401,000.

Rudia kuisoma hesabu hiyo. Picha imepanda bei maradufu, mwenye picha kaachwa nyuma. Ndiyo maana anayenunua kwa kubahatisha huumia hata anapobahatika. Anayepata ni yule aliyenunua mapema, kwa bei ya haki, akiwa na karatasi zote, kisha akasahau kwamba anauza.

Hatua ya 2: Miezi sita ya macho bila mfuko

Hapa ndipo wenye pesa hushindwa kuvumilia. Miezi sita usinunue kitu, tembea tu na utazame. Nairobi, anza na majumba yanayouza sanaa, Circle Art, One Off na Banana Hill, kisha nenda Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi aliyoianzisha huyo huyo Armitage. Pale hawauzi, na ndiyo sababu nzuri ya kwenda: hakuna atakayekusemesha bei. Pita pia studio za pamoja kama Kuona na Brush Tu, na wale wasanii wa kikundi cha Wajukuu, mtaa wa Mukuru, waliofika hadi Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta ya mwaka 2022. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, makontena yaliyogeuzwa studio, na ushirika wa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay. Kampala kuna Afriart, inayomwakilisha Mtanzania Sungi Mlengeya, dada aliyeacha kazi ya benki akachora wanawake weusi juu ya uwanja mweupe mtupu. Kigali, Inema. Ukiwa Lubumbashi, uliza lini wanafanya tamasha lao la sanaa, lililoanza mwaka 2008.

Fundisha macho na majina ya wazee pia, maana bei za vijana hupimwa dhidi yao. Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma na kufundisha Makerere, ana picha katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York. Rosemary Karuga alitengeneza sura za watu na kuku kwa vipande vya vifungashio vilivyochanwa, na aliishika kazi hiyo kwa nguvu baada ya miaka mingi ya ualimu. Jak Katarikawe aliota ng'ombe na wapenzi kwa rangi zinazong'aa kama taa iliyo nyuma ya pazia. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi aliandika historia ya Kongo kwa brashi, picha baada ya picha, kisha akapotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena.

Njia yangu ni hii: picha ikinivutia, narudi kuitazama mara tatu kwa siku tofauti. Nyingi hufa mara ya pili. Ile ambayo mara ya tatu inanionyesha kitu sikukiona mwanzo, jina lake naliandika kwenye daftari pamoja na ukubwa, mwaka na bei. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa limekufundisha bei za mji wako kuliko dalali yeyote.

Hatua ya 3: Chagua uwanja wako

Kuna marehemu, kuna walio katikati ya safari, kuna chipukizi.

Kazi za marehemu haziongezeki. Katarikawe alifariki mwaka 2018, Karuga mwaka 2021, na kilichobaki ndicho kilichobaki. Lakini huko bei ni kubwa, na bandia zimejaa.

Chipukizi ni rahisi kununua na ni rahisi pia kupotea navyo. Wengi wataacha uchoraji kabla ya miaka kumi, si kwa kukosa kipaji bali kwa kodi ya nyumba. Nunua kwa chipukizi kwa sababu unaipenda kazi na unataka kumshika mkono. Ikilipa, shukuru.

Mimi pesa yangu nyingi naiweka katikati: msanii mwenye miaka kumi hadi ishirini ya kazi isiyokatika, aliyewahi kuonyeshwa na taasisi isiyouza, na mwenye jumba la sanaa linalosimamia bei yake. Wachoraji wetu wengi bei zao hufuata ukubwa wa kazi, kwa hiyo picha mbili za kipimo kimoja na mwaka mmoja zikitofautiana sana bei, uliza kwa nini. Na ukimkuta msanii anauza studioni kwa nusu ya bei ya jumba lake, usifurahi. Maana yake hana bei, na wewe siku ya kuuza hutakuwa nayo pia.

Mwenye mfuko mdogo asikate tamaa. Kuna kazi za karatasi, na kuna chapa za mbao au za chuma, yaani picha zinazochapwa kutoka ubao au bamba lililochongwa, zinazotolewa kwa idadi maalumu. Ukiona pembeni pameandikwa 3/25 kwa penseli, ni nakala ya tatu kati ya ishirini na tano. Isiyo na namba wala sahihi ya mkono ni bango, hata kama fremu yake ni ya dhahabu.

Neno moja kuhusu homa. Februari 2020, jijini London, picha ya Mghana Amoako Boafo iliyokadiriwa pauni 30,000 hadi 50,000 iliuzwa pauni 675,000. Ilikuwa imechorwa mwaka mmoja tu kabla. Wakazuka wanunuzi wa kuchukua kwa msanii leo na kupeleka mnadani kesho, na kwa miaka miwili hivi sura za watu weusi zilizochorwa na vijana wa Afrika ziligombewa kama viwanja vya Bunju, Dar. Kisha soko likapoa, na wengi walionunua kileleni wanasubiri hadi leo. Majumba mengi ya sanaa sasa yanaandika kwenye mkataba kwamba ukitaka kuuza ndani ya miaka kadhaa, wao ndio wa kwanza kuuziwa. Likubali sharti hilo. Linakulinda na wewe pia.

Hatua ya 4: Kuuliza bei bila kuvunja heshima

Bei unayotajiwa kwenye jumba la sanaa, kati ya asilimia 40 na 50 ni ya jumba. Usiwaone wezi: wanalipia kodi ya ukumbi, katalogi, na miaka ya kumjenga msanii. Kumzunguka mwenye jumba ukamfuata msanii nyumbani ni kumharibia msanii na kujifungia mlango wewe mwenyewe, maana dunia hii ni ndogo kuliko Kariakoo.

Kuomba punguzo la asilimia 5 hadi 10 ni kawaida, hasa ukinunua zaidi ya moja. Zaidi ya hapo ni kutukana. Kulipa kwa awamu pia kunakubalika sehemu nyingi, ila picha hukaa kwao mpaka umalize.

Studioni mambo ni mengine. Kwa mzee, anza na salamu na historia. "Shikamoo mzee. Hii ya mashua umeichora lini?" Bei itakuja yenyewe baada ya chai. Niliwahi kumsikia mnunuzi akimwambia mzee wa watu, "Punguza, hii si rangi tu hii?" Mzee akaigeuza picha uso ukutani, akaendelea kunywa chai yake.

Hatua ya 5: Faili

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua duka moja hapa Dar picha ya mashetani wa mchoraji George Lilanga, wale wenye masikio makubwa na vidole viwili viwili. Rangi ilikuwa safi na sahihi ilikuwepo. Muuzaji, mcheshi kweli, aliniandikia risiti ya mkono: "Picha moja, imelipwa." Nilipotaka kuiuza, wataalamu wawili waliitazama wakaniuliza swali lile lile: ilitoka wapi? Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alifanya kazi na wasaidizi wengi, wakiwemo ndugu zake, na walioiga mtindo wake hawahesabiki. Labda yangu ni yake. Labda ni ya msaidizi. Labda ilichorwa wiki moja kabla sijaingia dukani. Iko ukumbini hadi sasa, wageni wanaipenda, na thamani yake sokoni ni sawa na ile risiti.

Kwa Tingatinga hali ni ngumu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi za mraba. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi Dar es Salaam, walipodhani gari alimokuwa ni la wahalifu. Hiyo ni miaka minne tu ya kazi. Kazi zake halisi ni chache, nyingi zilinunuliwa na wageni zikaondoka nchini. Hivyo ukiletewa chui mwenye sahihi ya "E. S. Tingatinga" na kijana anayesema ilikuwa ya babu yake, anza na shaka. Sahihi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Picha za ushirika wa Oysterbay ni jambo jingine: ni kazi halali za warithi wa mtindo, nzuri, na wachoraji huzirudia kwa sababu watalii wanazitaka. Nunua kwa furaha, usiziite akiba ya uzeeni.

Sasa faili lenyewe. Risiti itaje jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa vilivyotumika, vipimo kwa sentimita, bei na tarehe, na jina la muuzaji lenye anwani. Cheti cha uhalisi kisainiwe na msanii mwenyewe akiwa hai, au na jumba linalomwakilisha, kikiwa na picha ndogo ya kazi. Piga picha mbele, nyuma, sahihi, na kila kovu. Nyuma ya picha ndiko siri zinakokaa: mihuri ya maonyesho, vibandiko vya majumba, maandishi ya msanii. Kwa hiyo usimruhusu fundi fremu abandue chochote. Weka katalogi na mwaliko wa onyesho ambamo picha ilionyeshwa. Na kama umenunua kwa mtu binafsi, mwombe barua fupi inayoeleza yeye aliipata wapi na lini. Msanii akiwa hai, mpige picha amesimama kando ya kazi yake. Ni dakika moja, na hakuna karatasi inayoishinda.

Faili halikupi hakimiliki. Umenunua kitu, hujanunua haki ya kukichapa kwenye fulana au kalenda ya kampuni yako. Hiyo inabaki kwa msanii na warithi wake, na wasimamizi wa hakimiliki, COSOTA huku Tanzania au KECOBO kule Kenya, wanaweza kukuita.

Hatua ya 6: Mnadani

Circle Art Agency walifanya mnada wao wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki jijini Nairobi mwaka 2013, na tangu hapo tukapata kitu tulichokosa kwa muda mrefu: bei zilizotajwa hadharani. Hata usiponunua, hudhuria na andika bei kwenye daftari.

Ukinunua, kumbuka kwamba bei ya nyundo, ile inayofunga mnada, siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo kwa wakubwa wa London na New York inakaribia robo ya bei au kuipita kidogo. Ndugu walioko Ulaya wana bahati ya kuzifikia minada ya Bonhams, na ya Sotheby's iliyoanza mauzo yake maalumu ya sanaa ya kisasa ya Afrika mwaka 2017. Lakini kazi ikirudi nyumbani kuna usafiri, bima na ushuru, na Kenya VAT ni asilimia 16, Tanzania 18. Kabla ya siku ya mnada omba taarifa ya hali ya picha, nenda kaishike mkononi kama inawezekana, kisha andika dau lako la mwisho kwenye karatasi na umpe mwenzi wako aishike. Ukumbini kuna mtu mmoja tu wa hatari, naye amekaa kwenye kiti chako.

Hatua ya 7: Unyevu, jua, mchwa, moto

Wa Pwani tuna adui wa kwanza ambaye bara hawamjui sana: hewa ya chumvi na unyevu. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya masika. Bandika vipande vya koki nyuma ya fremu ili hewa ipite. Kazi ya karatasi isigusane na kioo, maana kuvu huanzia hapo hapo. Kiyoyozi cha kuwasha usiku na kuzima mchana kinaumiza kuliko joto la siku zote. Jua la moja kwa moja litakula nyekundu kwanza. Kanvasi ukilazimika kuiviringisha, rangi ikae nje, juu ya bomba nene. Picha za rangi ya kung'aa za hadibodi hazikunjwi, na kona zake hupenda kuvunjika, kwa hiyo zifunge kona kwa sponji.

Moto ni habari nyingine. Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo Elimo Njau na wenzake walilianzisha Nairobi mwaka 1965, liliungua mwaka 1997, na mkusanyo wa miongo ukateketea. Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi haitaji picha. Mwambie wakala aandike kila kazi kwa jina na thamani, umpe nakala za faili, na tathmini uirudie kila baada ya miaka mitatu. Nakala ya pili ya faili isikae nyumba moja na picha.

Hatua ya 8: Siku ya kuuza

Rudi kwanza kwa aliyekuuzia. Mara nyingi ana mteja anayemsubiri msanii huyo huyo, na mauzo ya kimya hayaachi alama. Mnada ni wa kazi yenye wagombea wengi. Picha ikipandishwa mnadani ikakosa mnunuzi, kila mtu ameona, na itakulazimu uifiche miaka kadhaa kabla hujathubutu tena. Wakati mzuri ni msanii anapokuwa na onyesho kubwa kwenye taasisi. Wakati mbaya ni unapodaiwa.

Na kama hutauza wewe, watauza wanao. Nimeona msiba ambapo picha ya Katarikawe ilichukuliwa na mpwa kufunika tangi la maji, kwa sababu hakuna aliyejua. Mimi nyuma ya kila fremu nimebandika bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi moja: nani kachora, nilinunua wapi, kwa kiasi gani, nani apigiwe simu, na mstari wa mwisho kwa herufi kubwa: MSIISAFISHE KWA MAJI.